Kalamu Nyekundu kwenye Usaili wa Mafundi

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliisajili shule ambayo haipo. Kijana mmoja kutoka upande wa Sengerema alijaza fomu ya kuomba nafasi ya ufundi jeshini, na palipoandikwa "jina la shule" akaandika neno moja tu: Nyumbani. Mimi, karani mpya mwenye kalamu mbili mfukoni na akili nusu, nikaona hiyo ni shule. Nikaiingiza kwenye kitabu cha kituo kwa mwandiko wangu mzuri: Shule ya Sekondari Nyumbani. Wiki hiyohiyo akaja mwingine wa Nyumbani, huyu akitokea Kisesa. Nikajisemea, kumbe shule yenyewe ina matawi.

Mkubwa wangu, Sajinitaji Bwire, akapitia kitabu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Masanja, mkuu wa hii shule anaitwa nani?"

"Sijui, afande. Ila naweza kupiga simu wilayani."

"Piga."

Nikapiga. Mama aliyepokea alicheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. Bwire aliniacha nihangaike hadi mchana, ndipo akaniita. "Hawa watoto wamesomea kwao. Kwa baba na mama. Hakuna kengele, hakuna sare, hakuna kiranja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Hujaelewa. Lakini kaa, utaelewa."

Nimekaa. Nimestaafu majuzi, na nawaandikia ninyi mliobaki pale karakanani na vishikwambi vyenu, mnaodhani usaili ulianza siku mlipopewa neno la siri la kuingilia kwenye mfumo. Sitawaeleza habari za vyeo, kwa sababu mtumishi raia kati ya wanajeshi hana cheo, ana kiti. Wala sitawaeleza mshahara, mke wangu atasoma. Nitawaeleza kazi.

Mjue pia mnaandikiwa na mtu gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanaostaafu wakalia. Mimi niliondoka nikitembea kama mtoto aliyeruhusiwa mapema kwa sababu ya mvua. Miaka yote ya kazi nimelala kitandani kwangu Kiseke. Mara moja walinipangia mafunzo mkoa wa mbali, nikapatwa na tumbo kali ajabu, likapona saa ileile basi lilipotoka stendi ya Nyegezi bila mimi. Kwa hiyo mnaweza kudhani ningewapenda watoto waliosomea nyumbani. La. Niliwashuku kuliko mtu yeyote pale. Nilijua mwenyewe jinsi mtu anavyoweza kukaa nyumbani asifanye lolote.

Karakana yetu mnaijua: bati juu, ziwa nyuma, miamba pembeni, na ile harufu ya dagaa wanaokaushwa ambayo mgeni huisikia siku mbili kisha pua inakata tamaa. Waombaji walikuja wakiwa wameshapita mbio na daktari. Kwetu walifanya mtihani wa kuandika, kisha kazi ya mikono, kisha wakaketi mbele ya jopo. Nafasi zilikuwa za kuhesabika: injini za boti, umeme, redio za mawasiliano. Kwa kila aliyeingia, walirudi nyumbani wengi wasio na kosa lolote ila kupungukiwa kidogo.

Bwire alinihamisha kutoka kwenye makaratasi akanifundisha kuweka ugonjwa. Ndivyo tulivyoita. Unachukua injini nzima, unaiharibu kidogo kwa makusudi, halafu mwombaji anatafuta umeharibu nini. Unalegeza waya wa plagi. Unaziba njia ya mafuta kwa kipande cha sponji. Ukidhani ni kazi rahisi, jaribu. Siku ya kwanza niliweka ugonjwa mkali mno kwenye injini moja, waombaji wote wakashindwa, na jioni Bwire akaniambia, "Sasa itengeneze wewe." Nikabaki na injini ile mpaka mke wangu akatuma mtu kuuliza kama nimefariki.

"Usimpe mtoto wa mtu ugonjwa ambao wewe mwenyewe huwezi kuutibu," Bwire aliniambia. "Huo siyo mtihani. Huo ni uchoyo." Hiyo naomba muiandike ukutani, mkipata rangi.

Alinifundisha pia kuosha spana kwa mafuta ya taa na kuzilaza kwa ukubwa, kufunika pipa la kujaribia injini ili vile vidudu vya ziwani visijae majini, na kusikiliza. Injini inapopata moto, alisema, watu wote hutazama injini. Wewe tazama mikono ya aliyeiwasha. Mikono ikitulia, anajua alichofanya. Ikiendelea kutafuta kitu cha kushika, amebahatisha.

Wale wa nyumbani walikuja mmojammoja, mwaka huu yupo, mwaka kesho hayupo. Wengine walikuwa watoto wa wachungaji wa Kilutheri kutoka Kagera, wamefundishwa kwa vitabu vilivyofunikwa kwa nailoni. Wengine wa wafugaji waliohama na ng'ombe, wakasoma kwa mjomba aliyewahi kuwa mwalimu. Mitihani ya taifa waliifanya kama watahiniwa wa kujitegemea, vyeti vilikuwa vilevile kama vya wenzao. Ila ukiwaweka mstarini, unawaona. Hawakujua kuitikia mchakamchaka. Ukisema "kaeni kimya," mmoja ananyoosha mkono kuuliza mpaka lini. Jopo lilipomuuliza kijana mmoja mwalimu wake wa darasa ni nani, akasema baba. Mkuu wa shule? Mama. Mwenzako uliyeketi naye dawati moja? Akafikiri, akasema, "Mbuzi, afande, lakini alikuwa anaingia tu."

Wengi walianguka. Si kwa ujinga. Walianguka kwa sababu walikuwa hawajawahi kufanya kitu wakiangaliwa na mtu asiyewapenda.

Bwire akastaafu, akarudi kwao Majita. Nikabaki mimi kuweka magonjwa, na baadaye wakaniongezea kutunza karatasi za mtihani na karatasi ya majibu sahihi, kwenye kabati la chuma, ufunguo ukining'inia shingoni. Nilifurahi. Mtu wa nyumbani akipewa kabati, anaona amepewa nyumba ya pili.

Hapo ndipo nilipokaribia kufukuzwa, na kustaafu kwangu kukiwa kumeshafika mlangoni.

Mwenyekiti wa jopo usaili huo alikuwa Meja Chacha, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Msaidizi wake alikuwa Kapteni Neema, na huyo ninyi mnamjua, ila mnamjua sasa akiwa amepoa. Siku zile alikuwa ametoka kushughulikia kituo kingine ambako mitihani ilivuja, na aliingia kwetu kama mtu anayeingia jikoni baada ya kunusa gesi.

Mtihani wa kuandika ulikwisha, Kapteni akakusanya karatasi mwenyewe. Nikamwona anasimama katikati ya chumba, karatasi moja mkononi, uso umekaza.

"Nani Kokushubira?"

Msichana mmoja mstari wa nyuma akasimama. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vya kaka wa mtu.

"Mimi, afande."

"Nini hiki?"

Akainua karatasi sote tukaiona. Imeandikwa kwa wino wa buluu kama za wenzake. Lakini juu ya majibu, kwa wino mwekundu, kulikuwa na tiki. Tiki, tiki, tiki, halafu kosa, tiki tena, kosa tena. Yaani msichana amefanya mtihani, kisha akausahihisha, kisha akaukabidhi.

Kuna mtu alicheka. Kapteni akamtazama, na kicheko kikarudi kilikotoka.

"Nimejisahihisha, afande," msichana akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba amefunga mlango baada ya kuingia.

Ingeishia kwenye kicheko kama Kapteni asingeketi palepale na karatasi ya majibu. Akalinganisha. Nikiwa nyuma yake nilishuka jibu kwa jibu pamoja naye, na kadiri tulivyoshuka ndivyo jasho langu lilivyoshuka nalo. Kila penye tiki, jibu lilikuwa sahihi. Kila penye kosa, jibu lilikuwa kosa. Hakuna hata moja aliloliwekea alama isiyo yake.

"Mzee Masanja," Kapteni akasema bila kugeuka, "kabati lako limefunguliwa na nani?"

"Na mimi, afande. Asubuhi, mbele yako."

"Kabla ya hapo?"

"Ufunguo haujawahi kutoka shingoni kwangu. Hata usiku. Muulize mke wangu, unamkwaruza."

Hakucheka. Wenzangu, nimewahi kufanya mzaha mbaya mahali pabaya, lakini ule ulikuwa wa kwanza kuuona ukianguka sakafuni na kubaki pale.

Waombaji wengine wakatolewa nje. Msichana akawekwa kwenye benchi upande wa ziwa, koplo mmoja akasimama karibu yake. Mimi nikaambiwa nisiguse kabati langu mwenyewe. Ndani, Kapteni akamweleza Meja ilivyo. Kama majibu yamevuja, jina la msichana linapelekwa kwenye kila kituo, na hataomba tena kazi yoyote ya sare katika nchi hii. Na mtunza kabati naye atajibu. Kama hayakuvuja, basi aeleze amejuaje.

"Labda anajua tu," Meja akasema.

"Anayejua hakosi, afande. Huyu amekosa, na anajua amekosa. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mwizi mjanja huacha makosa kidogo ili asionekane."

Yalikuwa maneno ya akili, nami kidato changu cha nne kilikuwa na daraja ambalo sitalitaja. Nilichojua ni kimoja, kwamba sikumpa mtu majibu. Lakini kujua kitu na kuaminiwa ni ofisi mbili tofauti.

Wakamwita msichana ndani. Kapteni akaanza.

"Ulisoma wapi?"

"Nyumbani, afande. Bujora."

Nikafumba macho. Meja akaniangalia kidogo, nadhani hadithi ya mwaka wangu wa kwanza ilikuwa imemfikia.

"Nani alikufundisha kujisahihisha?"

"Mama."

"Alikupa majibu ya mtihani huu?"

"Mama? Hapana, afande. Mama anajua Kiswahili na Biolojia. Injini hapendi, anasema zinanuka."

"Basi umejuaje lipi sahihi, lipi kosa?"

"Nililifanya kila swali mara mbili, kwa njia mbili. Likikubaliana na lenyewe nikaweka tiki. Likikataana nikaweka kosa."

"Na lililokataana, kwa nini hukulirekebisha?"

Hapo akasita. Nilitazama mikono yake, kama Bwire alivyonifundisha. Ilikuwa imeshikana mbele, imetulia, ila vidole gumba vilikuwa vinabanana.

"Nilikuwa na majibu mawili, afande, na sikujua lipi ndilo. Ningechagua moja, ningekuwa nimebahatisha. Nikaacha la kwanza, nikasema sijui."

"Hakuna mtu aliyekuuliza kama hujui."

"Ndiyo, afande."

Meja akanituma getini nikamlete mama yake. Nilimkuta nje ya kamba pamoja na wazazi wengine, mwavuli mkononi, kikapu cha ndizi miguuni, mwanamke wa Kihaya aliyesimama wima kama aliyekwisha kusimamia mistarini maelfu ya watoto. Aliitwa Mwalimu Generoza. Alikuwa ameshajua kuna jambo, kwa sababu waombaji waliotolewa walikuwa wameshatangaza.

"Shikamoo," akaniambia.

"Marahaba, mwalimu. Wanakuita ndani."

"Amefanya nini?"

"Amejisahihisha."

"Na ninyi mmekasirika?"

Nikaona heri nitembee.

Mbele ya jopo hakutetemeka wala hakubembeleza. Alisema aliacha kufundisha shuleni kwa sababu zake, akamchukua na binti yake ili amfundishe mwenyewe. Mchana yeye alikuwa sokoni Kisesa na ndizi, mtoto yuko nyumbani na vitabu. Na vitabu vile vina majibu ukurasa wa nyuma.

"Ningeyachana?" akauliza. "Angejua nimeyachana kwa nini, angeyatafuta kwingine. Nikamwachia pamoja na kalamu nyekundu. Nikamwambia, fanya kwanza, kisha jisahihishe mwenyewe. Jioni nikirudi siulizi amepata ngapi. Nauliza makosa yako wapi, na wakati unakosea ulikuwa unafikiri nini."

"Na kama angeiba majibu?" Kapteni akasema.

"Angemwibia nani, afande? Tulikuwa wawili."

Nje mawimbi yalikuwa yakisukuma gugu maji kwenye mawe. Kapteni akaandika kitu, akakikata.

"Mwalimu, maneno yako ni mazuri," akasema, na kusema kweli hakusema kwa ubaya. "Lakini mama yeyote angesema hivyo. Siwezi kupeleka mbele karatasi hii kwa sababu mama ameongea vizuri. Na binti yako mwaka kesho umri unamkataa. Najua. Lakini nikikosea leo, nitaleta mwizi kwenye boti za watu."

Meja akamaliza chai. "Basi tumpe kitu kisicho na majibu nyuma," akasema. "Masanja, ile injini ya boti ya doria iliyoletwa asubuhi, ina ugonjwa gani?"

"Sijui, afande. Hata kuifungua sijaifungua."

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Hiyohiyo. Apewe na chaki nyekundu."

Nilitaka kusema kwamba hilo linavunja sheria ya Bwire, kumpa mtoto wa mtu ugonjwa ambao hata sisi hatujaujua. Lakini nilikuwa mtuhumiwa, na mtuhumiwa huchagua maneno kama anayechagua miba ya sato. Nikaenda kufunga injini kwenye pipa. Meja akanipa filimbi na saa. Kanuni ni ileile ya kila mwombaji: kazi inaanza kwa filimbi na inakwisha kwa filimbi muda ukitimia, na ikishalia ya pili hakuna kugusa. Na filimbi ya mwisho ikikuta petroli inavuja, hata tone, umefeli, hakuna mjadala. Boti ni mbao, mafuta na watu. Hatuna mahali pa kukimbilia katikati ya ziwa.

Nikapuliza.

Kwanza hakugusa kitu. Aliizunguka injini, akanusa, akaminya mpira wa kupitishia mafuta kwa vidole. Kapteni alikuwa nyuma yake kama kivuli. Akafungua kabureta, akamimina kilichomo kwenye kopo jeupe, akalitikisa, akaliinamisha kwenye mwanga. Maji chini, petroli juu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa asiyempenda. Akasafisha, akapuliza vijitundu, akatoa chujio lililojaa tope. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka mwishoni. Akakata kipande kibovu, akaurudisha, na kibano chake kilipokataa kukaza kwa kulika, akaufunga kwa waya mwembamba uliokuwa mezani. Jasho lilimtoka puani. Midomo ilikuwa ikienda bila sauti, na nilijua ilikuwa ikienda njia ya pili.

Akavuta kamba. Hakuna. Akavuta tena. Injini ikakohoa. Ya tatu ikashika, pipa likafoka maji, moshi ukapanda kwenye bati, na mimi nikasahau kwamba nilikuwa nashtakiwa. Ilikuwa inaunguruma vizuri, mviringo, bila kukwaruza popote. Hata koplo wa mlangoni alitabasamu. Kapteni akalegeza mabega.

Msichana akaizima. Akachukua chaki nyekundu. Akapiga tiki kwenye kabureta. Tiki kwenye chujio. Halafu, mahali alipofunga mpira kwa waya, akachora kosa kubwa.

"Nini hapo?" Meja akauliza.

"Hapa nimebahatisha, afande. Kwenye pipa imetulia kwa sababu pipa halina mawimbi. Ziwani sijui."

"Masanja, itikise."

Niliishika injini kwa mikono yote miwili. Nawaambia kweli, niliomba Mungu kimoyomoyo ishike, na nilikuwa naogopa kuitikisa kwa nguvu, na nilikuwa naogopa zaidi kuitikisa kwa uongo mbele ya Kapteni. Nikaitikisa kama dhoruba ya Ukerewe. Chini ya waya likatokea tone. Likakua. Likaanguka.

"Petroli," Kapteni akasema. Sauti yake haikuwa na furaha. "Basi. Hajaiba. Alama zake ni zake, nimeona. Karatasi yake ni halali, na Mzee Masanja arudishiwe kabati lake. Lakini amefeli kazi ya mikono. Petroli imevuja."

Mama yake alikuwa mlangoni. Alihamisha mwavuli kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Afande," msichana akasema, "kibano kipya kipo?"

"Muda umekwisha."

"Umekwisha?" Meja akaniuliza mimi. "Sikusikia filimbi."

Wote wakanigeukia. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Ilikuwa mdomoni tangu injini iliposhika moto, nami nilikuwa nimeing'ata huku nimeduwaa kama mtoto kwenye ngoma ya Bujora. Sikuipuliza.

"Mzee Masanja!" Kapteni akasema.

"Nilisahau, afande," nikajibu, na kwa kuwa nilijibu nikiwa nayo mdomoni, ikatoa mlio mdogo.

"Hiyo haihesabiki," Meja akasema haraka. "Toa hicho kitu mdomoni. Mpe kibano."

Vibano vipya vilikuwa kwenye droo ya meza muda wote. Kila mwombaji anaruhusiwa kuomba kifaa, imeandikwa kwenye maelekezo, na karibu hakuna anayeomba, kwa sababu shuleni tumefundishwa kwamba anayeomba hajui. Msichana akafumua waya, akaufuta mpira, akaweka kibano, akakaza, akaacha, akakaza tena robo. Akasogea nyuma.

"Tikisa," Meja akaniambia.

Nikaitikisa. Kapteni akanisukuma pembeni, akaitikisa mwenyewe, mpaka pipa likahama mahali pake na viatu vyake vikalowa. Akainama, akapitisha kidole chini ya kibano, akakitazama kidole, akakinusa. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Pakavu," akasema.

Msichana akafuta lile kosa kwa kiganja. Hapo ndipo nilipopuliza filimbi, kwa nguvu kama refa aliyechelewa.

Kapteni hakuniamini na haniamini hadi leo. Siku ya kuniaga alininong'oneza, "Mzee, siku ile ulimsaidia." Ningependa sana iwe hivyo, ningeonekana mtu wa maana. Lakini ninyi mnanijua. Nilisahau.

Majina yalisomwa jioni ileile kwenye ngazi za ofisi. Kwenye injini za boti, la Kokushubira lilikuwa la mwisho, na kati ya jina lililotangulia na lake Meja alinyamaza kidogo kugeuza karatasi. Nadhani binti hakupumua mpaka karatasi ilipogeuka. Kabla hajaondoka, Kapteni alimwita.

"Umeingia. Lakini jua kitu kimoja. Huku kalamu nyekundu ni ya msahihishaji."

"Ndiyo, afande. Na asipokuwepo?"

Kapteni akageuka, akaenda zake. Meja aliingia ofisini kucheka.

Niliwasindikiza hadi getini. Nilitegemea vigelegele, machozi, ndizi zigawiwe. Mwalimu Generoza alimshika binti yake mkono, akamtazama usoni, akamuuliza, "Haya. Kosa lilikuwa wapi, na ulikuwa unafikiri nini?" Wakaondoka hivyo, wameshikana, binti akieleza habari za waya na kibano kwa mkono mmoja hewani, mama akiitikia kwa kichwa.

Basi, ninyi mliobaki, wakija wengine wa nyumbani, waulizeni kazi yao ilisahihishwaje. Msiishie kuuliza shule gani. Na vibano viwekeni mezani, siyo kwenye droo.

Mimi sasa niko Kiseke, nimekaa kwa uhalali. Hadithi hii nimemsimulia kila anayepita, na nakiri kwamba kila nikiisimulia tone linakuwa kubwa na mimi nakuwa karibu zaidi na injini. Juzi nilikuwa naisimulia upya kwa jirani yangu Mama Ng'walu, juu ya uzio wa minyaa, nikiwa nimefika pale pa Kapteni kunusa kidole, alipoweka ndoo yake chini akanikatiza: "Baba Sundi, yule binti aliwaonyesha panapovuja mkampa kazi, mimi nakuonyesha kila siku bomba lako linamwaga maji uani kwangu, unanipa hadithi."